Tarishi Aliyeonja Chumvi Siku Arubaini

Nchi ya Sisitu ilipakana, upande wa mashariki, na Sisitu yenyewe. Na upande wa magharibi, kwa mujibu wa ramani zake, ilipakana na hapana kitu. Watu walioishi katika hapana kitu hicho walikuwa wengi. Walilima, walioana, walizikana, na waliitwa Wang'ambo. Msisitu halisi alinawa kwa maji ya Kisima cha Asili tangu utotoni, na mgeni aliyetamani kutia mkono katika sinia la Msisitu alipaswa kwanza kunawa kisimani humo miaka saba. Baadhi walifariki mwaka wa tano, wakazikwa kwa taadhima, nje ya ukuta.

Ikatokea Sultani Rehema, mwenye enzi juu ya nchi zote, akatoa tangazo la karamu kwa kila mwenye kinywa. Tarishi wake wa kwanza alikuwa Jabali, Msisitu aliyevikwa kilemba cheupe cha utume. Jabali akavuka mpaka, akalisoma tangazo kibarazani kwa Mbali, mtengeneza ngozi. Mbali akalia, akapika. Jabali akala. Alikula siku arubaini, akajua majina ya watoto wote na ya mbuzi wawili, na mtaa mzima ukajua kwamba tarishi anapenda ukoko.

Siku ya arubaini na moja ukaingia ujumbe kutoka Sisitu, ukiongozwa na Mwinyi Mipaka. Mkono wa Jabali ulikuwa ndani ya wali. Akautoa, akaupangusa, akajisogeza pembeni, akawaeleza wageni kwamba alikuwa akionja chumvi tu.

"Chumvi ya siku arubaini, shemeji?" akauliza Bi Bayana, mke wa Mbali, kwa sauti iliyofika kwa majirani. "Basi tumbo hilo litachota chumvi ya mji mzima!"

Mbali alilifunika sinia.

Mwinyi Mipaka akaipeleka kesi barazani, akitaka nyumba ya Mbali ifutwe karamuni hadi itimize miaka saba. Shahidi alikuwa mmoja tu. Jabali akikiri kula, angevuliwa kilemba mbele ya watu. Akinyamaza, nyumba iliyomlisha ingefungiwa mlango. Usingizi ukamhama, na hamu ya kula ikafuata.

"Bila kisima hakuna asili," Mwinyi Mipaka akanena mbele ya Kadhi Mizani, "na bila asili hakuna karamu. Hivyo ndivyo alivyoanza babu yetu Mwasisi."

"Naye Mwasisi alinawa wapi?" akauliza Kadhi.

Karani akafungua kitabu cha historia ya nchi, akasoma: Mwasisi alitoka ng'ambo, na vumbi lake, akaitwa siniani mwa Sultani, akala akashiba, kisima kikachimbwa miaka kumi na miwili baadaye. Mwinyi Mipaka akaomba ukurasa usomwe upya, pengine upepo umeugeuza. Ukasomwa. Upepo haukuwa na hatia.

"Maandishi nimeyasikia," akasema Kadhi. "Nataka mtu aliye hai."

Jabali akasimama. "Mheshimiwa Kadhi, nilikula. Nilikula siku arubaini, na ukoko niliuomba mwenyewe. Sultani hakukasirika. Mimi ndiye niliyeona haya, na haya yangu ndiyo iliyowafanya watu hawa wageni nyumbani kwao." Akakifungua kilemba kwa mkono wake, akakiweka chini.

Baraza likahukumu kwamba Wang'ambo waingie karamuni kama walivyo, na kisima kibaki kwa wenye kiu. Mwinyi Mipaka akapendekeza miaka mitatu, kisha miezi sita, kisha akaomba maji ya kunywa.

Jabali akarudi ng'ambo kichwa wazi, akasimama mlangoni kwa Mbali.

"Mwonja chumvi huyo kaja," Bi Bayana akatangaza.

Mbali akatoka na birika na beseni. "Nyosha mikono, ndugu yangu."

"Haya ni maji ya kisima gani?"

"Ya mtungini. Nyosha."

Akamnawisha taratibu, akamwingiza ndani, akalifunua sinia. Jabali, kwa haya, akatafuta pembeni pa kukaa. Hapakuwapo, sinia lilikuwa la duara.