Mjomba Hazimi Gari

Siku hiyo Mwanakheri alianza kukasirika hata kabla jua halijapanda. Ilikuwa Jumapili, mwaka wa pili baada ya vita vya Uganda kwisha, na petroli ilikuwa imefika Mlandizi jana yake jioni baada ya kuadimika wiki nzima. Habari ya petroli haihitaji redio. Alipofika kazini alikuta foleni imeanzia kwenye pampu, imefuata barabara mpaka imepita soko, na kila dereva ndani yake alikuwa na sababu ya kwa nini yeye hasa hakustahili kupanga foleni.

Pampu ilikuwa moja na muuzaji alikuwa yeye peke yake. Madereva aliwajua kama anavyojua vidole vyake. Yupo anayepiga honi tangu mbali kama anafukuza mbuzi. Yupo anayesimamisha gari upande usio na tangi, kisha anataka mpira uvutwe juu ya boneti, na ukimwambia ageuze anakuuliza kama wewe ndiye uliyeliunda hilo gari. Yupo anayekuja na sigara mdomoni; ukimkemea anaificha mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari, huku moshi unamtoka puani. Na wapo watikisaji. Hao tangi likijaa hushuka, wakalishika gari huku na huku na kulisukasuka ili mafuta yashindilie, kana kwamba ni gunia la mahindi.

Wote hao Mwanakheri aliwamudu. Aliyemshinda alikuwa mmoja tu: Jumbe, mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake.

Mzee Jumbe aliendesha lori la kijiji upande wa Kibuta, Kisarawe. Lilikuwa lori kuukuu la petroli ambalo stata yake ilikufa. Likizimika haliwaki mpaka lisukumwe na wanaume wa kutosha. Kwa hiyo Mjomba hakulizima. Kila mara alikuja nalo linanguruma, akaipita foleni nzima kama haioni, akalichomeka kwenye pampu na kusema, "Mpwa wangu, nijazie upesi. Mimi sizimi." Kibao chekundu cha ZIMA INJINI kilikuwa kimening'inia juu ya kichwa chake. Mwanakheri alishamwambia mara nyingi, kwa adabu, kwa sauti ya chini. Lakini mjomba ni mjomba. Baba yake alipofariki huyu ndiye aliyemlea, ndiye aliyesimamia ndoa yake, na kazi hiyo yenyewe ndiye aliyemwombea. Basi alimjazia huku akimwomba Mungu cheche isiruke. Madereva waliorukwa hawakumtukana Mzee Jumbe. Walimtukana yeye.

Jumapili hiyo gari la kwanza kwenye foleni lilikuwa pikapu ya harusi. Dereva wake, Didas, kijana wa bara aliyehamia Kibaha, alikuwa amelala hapo tangu usiku ili ampeleke bibi harusi Mbwawa kabla ya saa nane mchana. Jumapili ikishagonga saa nane, kwa amri ya serikali ya kubana mafuta, magari yote yalitakiwa yawe yamesimama. Bibi harusi alikuwa ameketi kiti cha mbele, kajifunika gubigubi, na nyuma walijazana wanawake wa nyumbani kwao wakiongozwa na somo yake aliyemfunda, Bi Mwamvita.

Mwanakheri alikuwa ndiyo kwanza anafungua kufuli la pampu aliposikia ngurumo. Hakuhitaji kugeuka. Lori lilipita foleni, likakata mbele ya pikapu ya Didas, likasimama.

"Mpwa wangu, nijazie upesi."

"Mjomba, leo rudi nyuma," alisema Mwanakheri. "Watu wamelala hapa."

"Nimetoka Kisarawe na giza. Mimi sizimi, unajua."

"Sikujazii."

Mzee Jumbe alimtazama kama aliyesikia jiwe linasema. Kisha akashuka, akafunga mlango taratibu, na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nakwenda kunywa chai. Nikirudi nikute tangi limejaa. Usiponijazia leo, tusilaumiane." Akavuka barabara akaingia hotelini, akaliacha lori linanguruma mbele ya pampu na foleni nzima nyuma yake.

Honi zililia zote kwa pamoja. "Mtoe mjomba wako!" mmoja alipaza sauti. "Sheli imekuwa ya ukoo hii!"

Hapo ndipo mori ulipompanda Mwanakheri. Hakuwaza. Alidandia ngazi ya lori, akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo na kuuchomoa. Lori likatetemeka, likakohoa, likanyamaza. Honi nazo zikakoma.

"Haya," alisema. "Lisukumeni."

Wanaume walimiminika. Mmoja alishika usukani, wengine wakatia mabega, na lori likatoka likaachwa kando ya barabara karibu na kibanda cha mkaa. Mzee Jumbe alitoka hotelini mbio, chapati ingali shavuni.

"Nani kanizimia gari?"

"Mimi," alisema Mwanakheri, na kumpa ufunguo kwa mikono miwili.

Mzee aliunyakua. "Mimi niliyekulea? Mbele ya kadamnasi? Kuanzia leo kwako sikanyagi!" Akawageukia wanaume. "Njooni mnisukume liwake." Hakusogea mtu. Nani angeiacha nafasi yake? Mzee akapanda lorini, akakunja mikono kifuani, akatazama mbele.

Mwanakheri alirudi kwenye pampu. Hapo akakuta foleni haipo. Kila aliyesukuma lori alikuwa amesogeza gari lake ubavuni mwa pampu akidai ujira wake.

"Mimi nilishika usukani!"

"Mimi bega langu limechubuka, tazama! Nianze mimi!"

Alitundika mpira, akafunga kufuli, akakalia debe.

"Siuzi," alisema.

"Dada, si tumekusaidia?"

"Mmenisaidia nini?" Alisimama tena, na sauti iliyomtoka hakuijua. "Nimemvunjia heshima mtu aliyenilea, kwa ajili yenu! Vumbi la lori lake halijatua, na nyinyi mnafanya yale yale! Afadhali yeye ni mjomba wangu. Nyinyi ni nani kwangu? Rudini nyuma, au petroli hii italala humu humu!"

Hawakurudi kwa sababu yake. Walirudi kwa sababu Bi Mwamvita alishuka kwenye pikapu, akajifunga kanga kibwebwe, akaanza kupiga boneti moja moja kwa kiganja huku akiwaita kwa majina ya mama zao. Foleni ikajipanga.

Mwanakheri akamjazia Didas. Tangi lilipojaa, Didas alizunguka nyuma, akashika bodi, akaanza kutikisa.

"Wewe! Utamtapisha mwali!" Bi Mwamvita alipiga ukelele. Ndani ya gari kichwa cha bibi harusi kilikuwa kinayumba kama nazi kwenye upepo.

"Kidogo tu, yashindilie," alisema Didas, na kuendelea.

Mwanakheri aliuchomoa mpira kwa nguvu hata petroli ikamrukia Didas kwenye viatu vya harusi. Hakumwomba radhi.

Saa nane ilipogonga, askari alikuja na baiskeli akafunga kila kitu. Waliokosa walilaani wakaondoka kwa miguu. Mzee Jumbe alikuwa angali lorini, tangi halijajazwa, hana wa kumsukuma, na hata angesukumwa asingeruhusiwa kwenda popote mpaka kesho. Na Mlandizi nzima alikuwa na nyumba moja tu ya kulala.

Salumu, mumewe Mwanakheri, ndiye aliyekwenda kumbembeleza. Walirudi pamoja magharibi. Mwanakheri alitenga ugali na kisamvu kwa kishindo, kisha akapiga goti, kwa sababu tangu asubuhi hakuwa amemwamkia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Neno lilitoka kama mwiba. Alikula matonge machache, akaacha. "Umeniaibisha."

"Nimekuaibisha. Na ukija tena linanguruma nitalizima tena."

"Unafikiri napenda?" Mzee aliinua sauti. "Tangu mwaka jana naomba stata kwenye kamati. Naambiwa nchi nzima hakuna. Hata nikienda kujisaidia naliacha linanguruma! Sasa nipange foleni linanguruma kutwa nzima? Hayo mafuta si yataishia kwenye foleni?"

Hilo Mwanakheri hakuwahi kulifikiria. Lilimpunguza hasira kidogo, na kule kupunguzwa kukamwudhi zaidi.

"Ungeniambia hivyo! Wewe kila siku 'mimi sizimi, mimi sizimi,' kama ni cheo. Cheche moja, mjomba, na wa kwanza kuungua ni mimi. Ungekuja kunizika na lori linanguruma?"

Salumu alikohoa ili asicheke. Mzee Jumbe hakucheka. Alinawa, akaomba mkeka, akalala.

Alfajiri majirani walimsukumia lori likawaka kwa petroli iliyosalia, akaenda zake bila kuaga. Tangu hapo alikuja na vijana wa kijiji wamejaa nyuma ya lori. Alilizima mkiani mwa foleni, nao wakawa wanalisukuma hatua kwa hatua, wakiimba na kumwudhi kila mtu. Nyumbani kwa Mwanakheri hakufika tena mpaka Idi, na hata siku hiyo pilau aliila akiwa amempa mgongo. Mwanakheri alimwongezea nyama, lakini na yeye hasira ilikuwa bado haijamwisha.