Feni Inayozunguka Kinyume

Hellena alikuwa uani kwake Katandala, mjini Sumbawanga, akipepeta ulezi, na mumewe Felisian amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai. Upepo wa kiangazi ulitokea mgongoni kwa Hellena, makapi yakaruka kuelekea uzioni. Mara akageuka amjibu jirani aliyemwita, ungo bado ukichezacheza mikononi, na makapi yote yakamjaa usoni.

"Unajipofusha, mama Zita," Felisian akacheka.

"Nimejisahau." Hellena alijipangusa macho kwa pindo la khanga. "Nimegeuka mimi, upepo haukugeuka na mimi."

Felisian akaacha kucheka. Akaweka kikombe chini.

Alikuwa fundi umeme wa magari. Tangu biashara ya mahindi ifunguliwe, na kila mwenye uwezo kuruhusiwa kununua na kuuza, malori yaliongezeka Sumbawanga, na vipuri vya mitumba vikaja navyo. Jumamosi iliyopita alikuwa ameteremka hadi Kasanga, ziwani, kumfungia mdogo wake Adriano altaneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili ijaze betri. Boti ilikuwa ya tanga, mali ya marehemu baba yao, mzee Polikarp. Sasa Adriano alikuwa ameitia injini ya dizeli tumboni.

Altaneta yenyewe ilitoka kwenye lori. Kwenye lori hukaa ubavuni mwa injini, puli yake, kigurudumu kinachopitisha mkanda, ikitazama mbele. Ndani ya boti mbao zilibana, ubavuni hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha mkono. Felisian akaifunga mbele ya injini na kuigeuza, puli ikatazama nyuma. Mkanda ulinyooka, injini ikanguruma, taa ikawaka, na watu wa ufukweni wakampigia makofi.

Umeme haujali altaneta inazunguka upande gani. Feni ndiyo inayojali, na Felisian alilisahau hilo hadi makapi yalipomjaa mkewe usoni. Nyuma ya puli kuna feni ndogo ya bati, mapanga yake yamelazwa upande mmoja ili ivute hewa na kuipoza mashine. Ukiigeuza altaneta, itazunguka kinyume, na feni ile itakuwa pambo tu. Taa itawaka vilevile, huku ndani kunaungua polepole. Na kisanduku cha injini alikiziba Felisian mwenyewe kwa mbao na magunia, mahindi yasije yakanuka mafuta.

Halafu kulikuwa na lile tanga.

"Sasa una injini," alikuwa amemwambia Adriano mbele ya watu. "Tanga linakula nafasi ya magunia. Lishushe, ulitie ndani."

"Sawa, kaka."

Hakumwambia sababu yake ya pili. Tanga lile alilishona baba yao kwa mkono wake, likiwa na viraka vya mifuko ya unga, na tangu wamzike mzee huyo, Felisian hakuweza kulitazama.

Aliingia katika karakana yake, akapekua chuma chakavu hadi akapata feni yenye mapanga yaliyolala upande wa pili. Akaitia katika mfuko wa koti. Hellena alimuuliza kuna nini, akasema tu, "Adriano anasafiri kesho alfajiri."

Lori alilopata lilikuwa la Steven, dereva aliyemfahamu siku nyingi. Lilikuwa limepakia chumvi na wanawake wawili wenye kuku. Kabla ya kufika Matai likapasuka gurudumu, la akiba nalo lilikuwa limekufa, ikabidi walale palepale. Asubuhi, baada ya kuziba gurudumu, waliposhika tena njia ya kuteremka ziwani, Steven akamtazama miguu.

"Fundi, unakanyaga nini huko? Pedali ya mafuta iko kwangu."

"Ongeza mwendo kidogo, bwana Steven."

"Niongeze mteremko wote huu? Unataka tufike Kasanga au tufike mbinguni?"

Wanawake wakacheka. Felisian akaendelea kuitazama barabara.

Walipofika, mahali pa boti ya Adriano palikuwa na maji matupu. Fortunata, mke wa Adriano, alikuwa akianika dagaa.

"Shikamoo, shemeji! Mbona umerudi? Mwenzio ameshaondoka, yeye na wenzake wameelekea Mpulungu na mahindi."

"Marahaba. Ameondoka kitambo?"

"Kabla ya jua. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta."

Alimkaribisha ndani. Felisian alipoinua macho akaona juu ya boriti furushi kubwa limefungwa kwa kamba za katani. Lilikuwa na ukubwa wa tanga lililokunjwa. Alitaka kuuliza ni nini lile, lakini aliliogopa jibu. Akatoka, akakaa kwenye mchanga akitazama kusini, feni ile ikimchoma ubavuni kupitia koti.

Fortunata akamfuata na uji. Hakurudi jikoni. Alisimama akimtazama jinsi alivyoushika ule uji bila kuunywa.

"Shemeji, sema. Mimi si mtoto."

Akamwambia yote: feni, magunia, kisanduku kilichozibwa. Na mkanda ule ndio unaozungusha pia pampu ya maji ya kupoza injini, kwa hiyo altaneta ikiganda kwa moto, injini nzima imekwisha. Fortunata hakupiga kelele. Alikaa chini kando yake, akachukua kikombe, akamwaga uji mchangani taratibu.

"Kwa hiyo wako huko na moto," akasema.

"Huenda haujawaka."

"Huenda."

Upepo wa kusini ukaanza, ukazidi, mawimbi yakageuka meupe. Wavuvi walivuta mitumbwi yao juu. Kila doa jeusi ziwani Felisian alisimama kulitazama, na kila mara likawa ndege au gogo. Fortunata yeye hakusimama hata mara moja. Alikuwa ameshika rozari, midomo ikicheza.

Jua lilipoanza kulala ndipo akamshika mkono kwa nguvu. "Kile ni nini?"

Kilikuwa cheupe. Kikapotea nyuma ya wimbi, kikarudi, kikubwa zaidi, kimevimba kwa upepo, na kifuani mwake viraka vya mifuko ya unga.

Adriano aliteremka majini na mikono iliyofungwa vitambaa, uso mweusi kwa moshi. Wenzake wote walikuwepo. Fortunata alimkimbilia hadi maji yakamfika kiunoni, akampiga ngumi ya bega, kisha akamkumbatia.

"Shikamoo, kaka," Adriano akasema. "Altaneta yako imetupikia mahindi."

Felisian alitazama juu mlingotini. "Tanga," akasema. "Si nilikwambia ulishushe? Na lile furushi ndani..."

"Nyavu zile. Wewe ni mkubwa wangu, nikubishie mbele za watu? Nilisema sawa. Ulipopanda lori nikalirudisha mlingotini. Ziwa si barabara, kaka, huwezi kushuka ukasukuma."

Wavuvi wakaangua kicheko. Felisian aliingiza mkono mfukoni, akaigusa feni, akaiacha humo. Kwanza kulikuwa na tanga la kukunja, na Adriano hakuwa na viganja vya kulishikia.

Akaingia majini na viatu vyake. Akashika pindo, akakuta mshono wa baba yao, mnene, umepinda kidogo kama kawaida yake. Akaupitishia kidole gumba, kichwa kimeinama.

"Fortunata," akaita, "shika upande ule."