Sekunde Kumi na Sita za Paskazia

Kisanduku cha tisa kilifika Mwanza kimeviringishwa kwenye kanga, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mzee Yeremia alikipakata tangu Nansio, kisiwani Ukerewe, safari nzima ya meli, na alipoingia kwenye karakana ya kina Najat pale Mirongo hakukiweka mezani mpaka alipoipangusa meza kwa kiganja chake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," alisema Mhoja.

"Marahaba. Fundi ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Alijibu kidevu kikiwa juu, maana ndicho kidevu alichozaliwa nacho. Mhoja hakuwa na cheti hata kimoja. Alijifunza mambo ya kompyuta kwa simu iliyopasuka kioo, akisoma usiku na kubishana mchana, na hadi kufikia miaka ishirini na sita hakuwa amekutana na mtu wa kumwambia "hujui" akaondoka salama.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na sauti ya marehemu Paskazia, mke wa mzee Yeremia. Miaka minne nyuma, visanduku tisa vya tahadhari vilifungwa kwenye mialo, yaani fukwe za kuegesha mitumbwi ya wavuvi, ya Ukerewe na visiwa vya jirani. Kila kimoja kilipokea habari za hali ya hewa kwa mtandao wa simu, kisha kikazitangaza kwa spika iliyofungwa juu ya mlingoti: upepo unakuja, vuteni mitumbwi. Sauti iliyotangaza, kwa Kikerewe, ilikuwa ya Paskazia, mwalimu wa kwaya, mama asiyebembeleza. Watu wa mwaloni walikuwa wakisema Paskazia akikuambia toka majini unatoka, hata kama mbingu ni nyeupe kama unga. Alirekodi moja kwa moja ndani ya kisanduku hiki hiki, akiwa sebuleni kwake, na vile vinane vikanakiliwa kutoka hapa. Kisha mwaka jana akafariki.

Sasa vile vinane vilikuwa bubu. Kamati ya mwalo ikaleta spika nyingine zenye sauti ya kijana mmoja wa mjini, Kiswahili safi kabisa, na watu wakaisikiliza kama wanavyosikiliza tangazo la sabuni. Mwezi uliopita mitumbwi miwili ilipinduka tangazo likiwa linasomwa. Wenyewe waliokolewa, Mungu mkubwa. Kilichobaki na sauti ya mama ni hiki kimoja, na hiki nacho kilikuwa kimeanza kukwamakwama katikati ya maneno.

"Chipu yake imechoka," alisema Najat, akiwa ameshafungua skrubu ya mwisho. Najat ndiye mwenye karakana. Aliirithi kwa baba yake, mzee Bashiru, aliyetengeneza redio za mji huu miaka arobaini. "Tutaitoa sauti humo, tutengeneze imeji mpya, tuiandike kwenye chipu mpya tisa."

"Imeji ndiyo nini?" aliuliza mzee.

"Ni mzigo wote wa mafaili uliofungwa pamoja, mzee. Unaushusha kwenye chipu mara moja, kila kitu kikiwa mahali pake."

Mzee Yeremia alikaa kwenye benchi, akaikunja kanga mara nne, akaiweka kwenye goti. Kisha akauliza lile swali ambalo Mhoja alikuwa amelisikia kichwani tangu asubuhi.

"Na vile vinane viliharibikaje? Tuliambiwa chipu zilikuwa feki."

Najat hakuinua macho. Mhoja aliutazama uzi wa shaba aliokuwa ameushika. Maneno hayo yalikuwa yake. Ndiye aliyeyasema mwezi wa nne, mbele ya kamati ya mwalo, bila kupepesa.

Kilichotokea mwezi wa nne ni hiki. Karakana ile ilikuwa na sheria moja ya mzee Bashiru: kitu hakitengenezwi kikiwa kichafu. Redio ikiingia, kwanza ifunguliwe, ipulizwe, itolewe mende na vumbi la dagaa, ndipo fundi aiguse. Najat akiwa safarini, Mhoja aliletewa visanduku vinane abadilishe chipu. Naye, mtiifu kwa sheria hiyo kuliko hata Bashiru mwenyewe, akaanza kwa kuzisafisha chipu mpya. Akazifuta kila kona, mpaka hapakuwa na alama hata moja. Halafu akaimimina nakala ya chipu ya zamani juu yake kama ilivyo, kama mtu anayetoa fotokopi. Zile za zamani akazing'oa kwa hewa ya moto, akazitupa. Baada ya wiki mbili sauti zikaanza kutoboka. Baada ya mwezi, kimya.

Najat aliporudi aliuliza swali moja tu. "Ulizifuta zote? Na alama za kiwandani?"

"Zote. Si ndiyo sheria ya mzee?"

"Mzee alikuwa anafuta mende, Mhoja."

Kisha akamweleza, na Mhoja alichukia kwamba hakulijua jambo hilo. Ni nadra chipu ya aina ile kuzaliwa nzima. Ina bloku, yaani mafungu ya kuhifadhia, elfu moja na ishirini na nne, na kiwanda kinaruhusiwa kukuuzia ikiwa na bloku mbovu hadi ishirini. Zinapimwa huko huko, na kila mbovu inawekewa alama: hapa pasiandikwe. Zikishafutwa alama hizo hazirudi tena.

"Kwenu ni Mabatini, kwenye majabali, si ndiyo?" Najat aliendelea. "Mlipojenga, mliling'oa lile jiwe la uani?"

"Nani anang'oa jiwe Mabatini? Tulilizungushia nyumba."

"Basi watu wa kiwandani walikuonyesha mawe yalipo, wewe ukafuta, ukapanda mahindi juu ya jiwe."

Hilo ndilo lililotokea, na siku hii mzee Yeremia alikuwa ameliuliza.

"Hazikuwa feki, mzee," alisema Mhoja. "Niliziharibu mimi. Sikujua kazi, nikasema najua."

Mzee aliinuka, akaikunjua kanga, akaanza kukifunika kisanduku kikiwa wazi vile vile, nyaya zikining'inia.

"Mzee, subiri," alisema Najat.

"Nisubiri nini? Vinane ameshaniulia. Hiki narudi nacho."

"Ukirudi nacho kitanyamaza chenyewe," alisema Mhoja. Sauti yake ilipanda, akaishusha. "Kila kikiwashwa kinapoteza kidogo. Labda kitafika Krismasi. Labda hakitafika. Mimi sikuombi uniamini. Kaa hapa mezani, uone kila ninachofanya. Nikikosea, nipige kwa hiyo fimbo."

"Sina fimbo."

"Nitakutafutia."

Najat aliguna kicheko. Mzee hakucheka, lakini alilivuta benchi mpaka magoti yake yakagusa meza, akaketi, na mkono mmoja akauacha juu ya kisanduku.

Waliisoma chipu ile mara saba. Ilikuwa imechoka kiasi kwamba kila ikisomwa ilijibu tofauti kidogo, kama shahidi mzee mwenye kusahau, kwa hiyo waliziweka nakala saba ubavu kwa ubavu, na penye ubishi wakafuata walio wengi. Mhoja hakuwa amewahi kuitazama chipu hivyo, ukurasa kwa ukurasa. Siku zote aliiona kama debe: unatia, unatoa. Sasa alianza kuona kilichomo, na kidogo kidogo akasahau kidevu chake.

Bloku moja ilikuwa na kurasa sitini na nne. Ukurasa mmoja ulibeba robo ya sekunde ya sauti. Yaani pumzi moja ya Paskazia ilikuwa kurasa mbili tatu, na bloku nzima ilikuwa sekunde kumi na sita za mama yule. Pembeni mwa kila ukurasa palikuwa na kijichumba chembamba, na ndani yake ukurasa ulikuwa umejitaja: mimi ni wa faili hili, mimi ni wa thelathini na moja. Maana kurasa zenyewe hazikukaa kwa mpangilio. Neno lilianzia bloku ya tano, likaendelea kwenye ya mia nane. Chipu ilikuwa imetawanya kila kitu makusudi, pasiwe na mahali pamoja panapochakaa kuliko pengine, na bado hakuna kilichopotea, kwa sababu kila kipande kilitembea na jina lake.

"Kama watu wa sensa," alisema mzee Yeremia baada ya kuelezwa.

"Kama watu wa sensa," Mhoja alikubali, akishangaa kwamba mzee ameelewa upesi kuliko yeye.

Lakini lililomshangaza zaidi ni namna ya kuandika. Chipu tupu haijai sifuri. Imejaa moja tupu, zote zinawaka. Kuandika ni kuzima baadhi. Ukishazima, huwezi kuwasha moja peke yake; sharti uwashe bloku nzima. Kwa hiyo chipu haiandiki juu ya lililoandikwa. Ukibadilisha kitu, inaandika upya mahali pengine, na lile la kale inaliacha palepale, halina tena anayelitaja, mpaka siku nafasi itakapohitajika.

Saa nane mchana matangazo yote yalikuwa yametoka, mazima. Yote, isipokuwa moja, nalo ndilo kubwa: la upepo wa ghafla kutoka kusini, lile la kuwaambia walio majini wageuze. Katikati yake palikuwa na shimo. Bloku nzima iliyobeba sehemu hiyo mfululizo ilikuwa imekufa, na nakala zote saba zilijibu upuuzi.

Mzee Yeremia alilisikiliza mara mbili. Mkewe alianza, akakatika, akarudi akimalizia.

"Hapo katikati ndipo anapowaambia wapite upande gani wa kisiwa," alisema. "Bila hapo, ni kelele tu."

Mhoja alikaa akiutazama ule ukungu wa namba. Alifikiria mambo mengi mabaya juu yake mwenyewe. Halafu akainama tena, taratibu, kama mtu aliyesikia kitu chumba cha pili.

"Dada Najat. Mama alirekodi mara ngapi?"

"Sijui. Mzee?"

"Alirudia rudia," alisema mzee. "Alikuwa hapendi kukosea. Akikosea anafuta, anaanza upya."

"Anafuta," alirudia Mhoja. "Lakini chipu haikufuta. Iliacha tu kuitaja ile ya kwanza."

Akaanza kutafuta kurasa zisizotajwa na mtu. Zilikuwepo. Zilikaa kati ya nyingine kimya kimya, kila moja na jina lake pembeni, miaka minne bila kuitwa. Akaziita kwa namba zao, ya kwanza, ya pili, ya tatu, nazo zikaja. Akabonyeza.

Paskazia akasema. Lilikuwa tangazo lile lile, ila ameliharakisha kidogo. Alifika pale penye shimo, akalivuka, kila neno liko wazi. Kisha katikati ya sentensi akakatisha, akasema jambo jingine kwa ukali, akaendelea na upepo kana kwamba hakukatisha.

Mhoja ni Msukuma, Kikerewe alikisikia nusunusu. "Mzee, hapo anasema nini?"

Mzee Yeremia alikuwa ameinua mkono kutoka kwenye kisanduku na kuushika hewani.

"Nimeshamfukuza," alisema, lakini si kwa Mhoja.

Najat akasimama, akaenda kuangalia kitu dirishani ambacho hakikuwepo. Mzee akajifuta uso kwa ile kanga.

"Kuku," alisema. "Aliingia sebuleni. Ananiambia, Yeremia, mtoe huyo kuku kabla sijawatoa wewe na yeye. Ndiyo maana akalifuta lile, akarekodi jingine."

"Naweza kumkata kuku," alisema Mhoja. "Nichukue sekunde kumi na sita tu ninazozihitaji, nizibe shimo. Ila mama alimkemea humo humo. Nikimwondoa, kuna neno moja la upande wa kisiwa linakwenda naye. Hakupumua hapo katikati."

"Basi mwache."

"Litasikika mialo yote tisa, mzee."

"Kwani nani kule hajawahi kumsikia akinigombeza? Wakisikia hivyo ndio watajua ni yeye. Mwache."

Kwa hiyo imeji ilifungwa na kuku ndani yake. Mhoja aliitengeneza kwa ukubwa sawasawa wa kurasa na bloku za chipu mpya, akaacha nafasi za akiba, na safari hii hakufuta kitu. Kabla ya kuandika aliiuliza kila chipu mawe yake yako wapi. Ya kwanza ilijibu matatu. Ya pili ilijibu kumi na moja. Ya tatu haikuwa na hata moja, na Mhoja akaipima upya mara mbili kwa kutoiamini. Mzigo ulikuwa ule ule mmoja, lakini katika kila chipu ulijilaza kivyake, ukiruka palipokatazwa, na mwisho wa yote ulipohesabiwa haukupungua hata ukurasa. Aliitazama mistari ikipita kwenye kioo hadi Najat akamwambia afumbe mdomo, inzi wataingia.

Kilipokamilika kisanduku cha kwanza walikitoa mlangoni na spika yake, wakijaribu. Mbingu ilikuwa nyeupe, jua kali, hakuna jani linalotikisika. Mhoja akabonyeza tangazo la upepo.

Sauti ya Paskazia ikatoka nzima, ikavuka barabara ya Mirongo, na kuku naye akapata haki yake. Ng'ambo palikuwa na mama mmoja anayeuza dagaa kwenye beseni tatu. Alikuwa akimhudumia mteja. Aliacha kikombe hewani, akageukia upande wa ziwa, akamwambia mteja jambo, na bila kuuliza mtu akaanza kuyafunika mabeseni kwa turubai, moja baada ya jingine, na kukandamiza pembe kwa mawe. Alipomaliza akachungulia chini ya meza yake, kama kuna kuku.

"Huyo ni wa kwetu," alisema mzee Yeremia.

Mhoja akavuka barabara kwenda kumwomba radhi, kwamba lilikuwa jaribio tu.