Mfumo wa Zamani Ndani ya Laptopu Mpya

Emerance alikuwa fundi wa kudarizi mjini Kamembe, na mashine yake ilitii programu moja tu. Programu hiyo ya zamani ilifanya kazi kwenye mfumo endeshi wa zamani tu, uliokuwa ndani ya kompyuta kuukuu aliyorudi nayo kutoka Bukavu, alikokulia. Jumatatu kompyuta ile ilizimika, haikuwaka tena.

Jumamosi Maman Nsimire, kiongozi wa kwaya huko Bukavu, angevuka daraja la Rusizi, mpakani, kuchukua kanzu ishirini na nne zenye nembo kifuani. Kumi na tisa zilikuwa bado tupu.

Fundi wa kompyuta alimweleza kwamba vipuri havipatikani tena, afadhali anunue mashine mpya ya kudarizi. Emerance alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwomba amtolee diski tu. Hiyo ilikuwa nzima, na nembo ilikuwa humo.

Jioni alimpigia simu binamu yake Aimable, mwalimu wa kompyuta. Aimable akamweleza kuwa kwa programu maalumu laptopu yake inaweza kubeba kompyuta nyingine ndani yake, isiyo na chuma wala waya. Unaigawia sehemu ya kumbukumbu na nafasi ya diski, kisha unauweka mfumo wa zamani humo kama mgeni, na laptopu inabaki mwenyeji. CD za mfumo na za programu Emerance alikuwa nazo bado, kabatini.

Jumanne kompyuta ya ndani ilikataa kabisa kuanza. Aliuandika ujumbe wa kosa kwenye karatasi, neno kwa neno, akamsomea Aimable. Kumbe laptopu ilikuwa imefungiwa kiwandani uwezo wa kubeba kompyuta nyingine. Emerance akaingia kwenye mipangilio inayofunguka kabla laptopu haijawaka sawasawa, akauruhusu. Jumatano mfumo wa zamani ukawaka ndani ya dirisha, na nembo, aliyoinakili kutoka kwenye ile diski, ikafunguka. Lakini mashine ya kudarizi haikusogea hata kidogo.

Alhamisi Nsimire alipita dukani akitoka sokoni hapo Kamembe. Aliziona kanzu bado tupu.

"Maman Emerance, unipatie tu vile ziko. Batu ba kwaya batavaa bila nembo."

"Hapana, Maman. Zitakuwa na nembo. Urudi samedi, siku tulipatana."

Nsimire akaondoka. Emerance alikuwa ameahidi jambo ambalo bado hakujua namna ya kulitimiza.

Ijumaa asubuhi alifungua orodha za ile programu iliyobeba kompyuta ya ndani, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja. Katika orodha ya vifaa akaukuta waya unaoiunganisha mashine ya kudarizi na laptopu, na ndipo alipoelewa: mwenyeji ndiye aliyekuwa ameushika, mgeni hakuuona kamwe. Akauchagua, akaukabidhi kwa mgeni. Akabonyeza kitufe cha kudarizi.

Sindano ikashuka.

Aliduwaa akiitazama ikichora msalaba wa nembo ya kwanza kwa uzi wa buluu, kisha akasimama haraka kuandaa kanzu ya pili. Hadi kufunga duka alikuwa amemaliza kumi na tatu.

Nsimire alipofika Jumamosi saa nne, zilibaki mbili. Aliweka mkoba chini, akachukua mkasi, akaketi kukata nyuzi zilizoning'inia nyuma ya nembo, huku mashine ikiendelea.