Mke wa Mgonga Mihuri

Mume wangu aliacha kunyoa ndevu siku chache baada ya mjukuu wetu kumletea kile kitabu. Sikushtuka. Mtu aliyestaafu ana haki ya kupumzisha hata kidevu.

Alikuwa mkaguzi wa mizani. Maisha yake yote ya kazi aliingia madukani na sanduku lake la mawe ya shaba, akaweka jiwe juu ya mzani, akainama, akafumba jicho moja, na mwenye duka akakosa pumzi. Mji mzima ulimwita Mzee Ratili. Kisha mizani ya umeme ikaja, yenye tarakimu za kuwaka, na ofisi ikampa saa ya ukutani na picha ya pamoja ambayo yeye amesimama pembeni, nusu ya bega limekatwa. Kuanzia hapo akahamia jikoni kwangu.

"Chumvi hii umeipima?"

"Nimeipima kwa mkono."

"Mkono si kipimo."

"Mkono huu ndio uliokulisha tangu ujanani, Baba. Hujawahi kusema umepunjwa."

Alicheka, lakini kesho yake alirudi tena akasimama nyuma yangu kama askari wa zamu.

Mjukuu wetu anauza vitabu vilivyokwisha kutumika, kwenye kibanda karibu na posta. Ni mtoto mwenye huruma. Aliona nilivyobanwa na babu yake, akaja na kitabu chenye jalada jeusi. "Mpe Babu, kinasifiwa sana," aliniambia sikioni. "Kitamtoa jikoni."

Kweli kilimtoa.

Kilihusu mtu mmoja aliyekuwa akigonga mihuri kwenye tiketi za kivuko. Daraja likajengwa, kivuko kikafungwa, na yule mtu akabaki hajui tena yeye ni nani wala anaamkia nini. Mume wangu alikisoma polepole, akirudia aya moja mara kadhaa kama anayehakiki uzito. Asubuhi moja akaweka kikombe chini.

"Mama, mimi ni nani?"

"Wewe ni mume wangu, na chai inapoa."

"Sitanii. Ukiniondolea mizani, kinabaki nini?"

"Anabaki mtu anayeacha taulo bichi kitandani."

Hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyegonga mlango usio wake. "Kuna mtu ameandika habari zangu humu," alisema, "na hajawahi kuniona."

Baada ya hapo akageuza kiti chake kielekee ukutani. Nikimsemesha, ananijibu ndiyo au hapana. Kinyozi wa jirani, aliyezoea kumnyoa kila wiki, alipita akamtania dirishani: "Mzee Ratili, ndevu hizo unamfugia nani? Au umeposa?" Alijibiwa hapana. Yule kijana akaniangalia, akashusha sauti, akauliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia hakuna, ni kitabu tu.

Mimi nimesoma madarasa ya kunitosha kusoma barua na maandishi ya chupa za dawa. Kitabu kizima sikuwahi. Lakini mchana mmoja, mume wangu akiwa amelala, nilivaa miwani nikakifungua kile kitabu, nijue nyumba yangu imeingiliwa na nini. Nilisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

Mgonga mihuri aliacha kunyoa. Kurasa chache mbele akageuza kiti kikatazama ukuta. Kisha akaanza kuwajibu watu ndiyo na hapana. Hapo mume wangu alikuwa ameweka njiti ya kiberiti kama alama. Nilikuwa nasoma ratiba.

Tangu siku hiyo, kila akilala mchana nilisoma mbele ya njiti. Nikaona kinachofuata ni mgonga mihuri kurudi kivukoni, aone kama kuna anayemkumbuka. Basi nikalitoa shati jeupe, nikalipiga pasi, nikalitundika.

"Umejuaje kwamba natoka?" aliniuliza.

"Nimehisi tu. Na mimi nakuja."

Ofisi ya vipimo ilikuwa imepakwa rangi mpya. Dada wa mapokezi alikuwa na adabu. Alisimama, akatuamkia, akanipa kiti chake mwenyewe. Kisha akamuuliza mume wangu, "Babu, umeleta mzani gani?" Alidhani ni muuza duka. Mume wangu akasema jina lake la kazini, Mzee Ratili. Dada akatabasamu tabasamu la mtu ambaye hajaelewa. Akaitwa mkaguzi wa sasa, kijana mrefu, naye akamshika mkono kwa mikono miwili, akamsifu kwa kazi ambayo hakuiona, akatuagizia maji ya kunywa. Hawakuwa na ubaya wowote. Ndiyo maana ilimuuma zaidi. Ukitukanwa unapata cha kujibu.

Tulipokuwa tunatoka, mama mmoja mfagizi aliacha ufagio akaja mbio. Alipita mbele ya mume wangu kama anapita nguzo, akanikamata mikono.

"Wewe ndiye wa lile bakuli la chakula cha mchana! Nimekujua kwa kanga." Kumbe niliwahi kufika pale na kanga ileile, siku mume wangu alipougua kazini. "Dada yangu, mzee huyu alikuwa akitubakishia kila siku. Mwanangu yule wa mwisho nimemnyonyesha kwa chakula chako."

Sikuwahi kujua. Nilikuwa nikimfungia chakula kila asubuhi, naye aliniambia siku zote kwamba amekimaliza. Nilisimama pale getini nikiwa sijui nilie au nicheke, kwa sababu kumbe chakula changu kilikuwa na safari zake. Nikamgeukia mume wangu nimuulize kama amesikia. Alikuwa ameshavuka barabara.

Njiani alisema neno moja tu: "Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna anayenikumbuka."

"Yule mama je?"

"Yule anakumbuka chakula."

Kwake yeye, chakula kilikuwa kimejipika.

Siku mbili tatu zikapita, kinyozi akaja mlango wa uani, kofia mkononi. "Mama, sitaki kuonekana mchongezi. Mzee ameniomba kile chumba cha nyuma ya kibanda changu. Anasema anataka kukaa peke yake. Nimwambie kina mtu?"

"Usimdanganye, mwanangu. Ila kifagie, na uangalie mlango usiwe na komeo la ndani."

Baadaye nikasikia aliling'oa komeo siku ileile.

Maana mimi nilikuwa nimeshakimaliza kile kitabu. Mgonga mihuri anapanga chumba. Anakaa humo na muhuri wake, anajigonga muhuri kwenye viganja, kwenye mikono, mpaka wino unakwisha. Halafu anatoka anakwenda kwenye mto, pale kivuko kilipokuwa, anaingia majini na viatu vyake. Kitabu kinaishia hapo. Mwandishi hakusema hata pole.

Lakini kuna kitu kingine nilikiona, na hicho ndicho kilichonikaa kooni. Mgonga mihuri ana mke. Ukisoma haraka utampita. "Mke aliweka sahani, akatoka." Mbele kidogo: "Mke alifunga madirisha." Basi. Mume akiwaza yeye ni nani, kurasa kumi. Mke akiweka sahani, mstari mmoja. Siku mume anaondoka, mke yuko mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, na ukurasa unaofuata tuko kwenye chumba cha kupanga. Nilirudisha kurasa nikidhani nimeruka. Nikatafuta mpaka macho yakatoa machozi. Sikuruka. Kitabu hakikurudi tena kwenye ile nyumba.

Nikajiuliza: jioni ile yule mwanamke alifanya nini? Aliosha sahani ngapi?

Mume wangu alitoa begi chini ya kitanda siku ya Jumamosi, baada ya chai.

"Mama, nifungie nguo. Nguo chache tu, na blanketi. Nakwenda kukaa kwa kinyozi."

"Kufanya nini?"

"Kujitafuta."

"Ulijipotezea wapi, Baba, nikusaidie kuangalia?"

"Huwezi kuelewa. Si jambo la kupika." Akakitia kitabu begini kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Njiti ya kiberiti ilikuwa kwenye ukurasa ambao mgonga mihuri anapanga chumba, haijaenda mbele.

Nilikaa kitandani. Nilijua nikinyamaza ataondoka, na njiti ile itasogea kidogo kidogo mpaka mtoni, na hata komeo likiwa limeng'olewa, mto hauna komeo.

"Nimekisoma," nikasema.

"Umesoma nini?"

"Kitabu chako. Chote."

Aligeuka. Sijawahi kumwona ameshangaa vile, hata siku mwanetu wa kwanza alipozaliwa akitanguliza miguu. "Wewe?"

"Mimi."

"Na umekielewa?"

Hilo nalo nalikumbuka. Hakusema umeonaje, alisema umekielewa. "Nimeelewa kwamba mke wake aliweka sahani akatoka. Niambie, yule mwanamke alikula saa ngapi?"

"Mke gani?"

"Wa mgonga mihuri."

Alifikiri. Nilimwona anatafuta kichwani, na hampati. "Ah," akasema, "yule. Hadithi si yake yule."

"Basi nifungie na mimi begi. Kama hadithi si yangu, nabaki humu kufanya nini?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nimemaliza. Unajua anaishia wapi huyo unayemfuata? Anaingia mtoni na viatu. Hatoki. Hajajipata, hajapata chochote, na muhuri wake unazama naye. Huko ndiko unakokwenda na blanketi langu."

Niliusikia ufagio wa kinyozi kule ng'ambo. Nilingoja aseme neno, neno lolote. Aseme hatakwenda mtoni, aseme nisiogope, aseme amenitia hofu na anasikitika.

Akasema, "Umeniharibia kitabu."

"Nini?"

"Nilikuwa bado sijafika. Mtu haambiwi mwisho! Siku zote hizi nasoma kwa uangalifu, unakuja kunimwagia mwisho kama maji ya kuoshea vyombo?" Ndevu zilikuwa zinatetemeka. Alikuwa amekasirika kweli, kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi, na hasira yote ilikuwa ya kitabu.

Alikitoa begini, akakifungua kwenye kurasa za mwisho, akasoma amesimama. Akasoma tena. Kisha akakaa upande wa pili wa kitanda, mgongo wake ukinielekea mimi.

"Hovyo," akasema baadaye. "Mtu mzima hafi kwa sababu ya kivuko. Huyu mwandishi alichoka tu."

Begi lilibaki wazi, halina kitu. Jioni kinyozi alikuja kuulizia, akakuta mzee anadai kunyolewa na analalamika kwamba wembe ni butu. Kinyozi akanikonyeza, amefurahi kwa ajili yangu. Nikamshukuru. Yule kijana alistahili shukrani.

Watoto na wajukuu walipopata habari walicheka sana kwenye simu. Walisema Bibi amemwokoa Babu kwa kumsimulia mwisho. Niliwaacha wacheke. Ni kweli alibaki. Lakini mimi nilikuwepo, na najua hakubaki kwa ajili ya aliyesimama mlangoni. Alibaki kwa sababu mwisho haukumridhisha.

Kesho yake asubuhi nilimwekea chai na mkate, nikageuka kutoka.

"Mama," akaniita. Alikuwa ameshika kikombe, hajanywa. Kidevu chake kilikuwa na vijeraha vya wembe. Alionekana mzee sana, na mimi humpenda hivyo pia. "Na wewe," akasema, kwa shida, kama mtu anayesoma mstari kwa kidole, "umekunywa chai?"

Tangu tuoane hakuwahi kuniuliza. Nilijua imemgharimu. Nilijua vilevile kwamba ningemjibu "bado," angenivutia kiti.

"Nimeshakunywa," nikasema.

Sikuwa nimekunywa, ila swali hilo nilimfundisha mimi, na kiti cha kukumbushwa sikukitaka. Nilikwenda jikoni, nikasimama karibu na jiko lililozimwa, nikamsikia anakoroga sukari.