Mashavu ya Binti Cheche

Emil Szabo alimshuku yule mama tangu siku ya kwanza, na kilichoanzisha yote ni mate.

Ilikuwa Jumamosi, theluji imelundikana mlangoni kwa Darnell, duka la vitabu vya katuni la pale Bridgeport, Marekani. Meza ya nyuma, kati ya birika la kahawa na sanduku la donati, walikaa wale wale wa siku zote, watu wazima wenye mvi na wajukuu, wakigombania habari za mashujaa wanaopaa. Clifford Boyle aliingia na mama mgeni, akamtambulisha kuwa ni Concetta Ruggiero, jirani yake. Mama akavua koti, akachukua toleo la zamani la *Tetemeko* lililokuwa mezani, akalamba kidole, akafunua. Kisha akalikunja jalada kwa nyuma kama mtu anayesoma gazeti chooni.

Meza nzima ilimgeukia. Watu wa pale hushika vitabu hivyo kwa ncha za vidole, kama unavyopokea kichanga cha mwenzio. Huvivisha plastiki, huvitilia kadibodi mgongoni, na wengine hawavifungui tena mpaka wanakufa.

"Mama, taratibu," alisema Darnell. "Hicho kitabu kinanizidi umri."

"Ndiyo maana kinanuka," akajibu mama, akalamba kidole tena.

Machale yakamcheza Emil. Mpenda katuni halambi kidole. Na kama si mpenda katuni, amefuata nini hapa kwenye baridi hii? Jibu alikuwa nalo kabla donati yake haijaisha: kura.

Ukutani kwa Darnell kulikuwa na picha za waandishi waliopewa heshima na meza ile, na nafasi moja ilikuwa wazi. Kila mwaka, theluji ikianza kuyeyuka, walipiga kura kama nafasi hiyo apewe marehemu Hollis Varney, mwandishi wa *Tetemeko*. Nusu ya meza, Clifford akiwa mbele, walimwita Varney bingwa wa mabingwa. Nusu nyingine, Emil akiwemo, wasingempa hata maji ya kunywa. Kura zilikuwa zikifungana mwaka nenda mwaka rudi, na picha ikabaki kwenye droo ya Darnell. Sheria yao ilisema aliyehudhuria majira yote ya baridi ana kura.

"Umepandikiza mtu, Clifford," Emil alimwambia nje, kwenye maegesho.

"Nimepandikiza nini, bwana wee? Jirani yangu huyu. Mumewe kafariki, nyumba imemwelemea. Nimemleta asikie sauti za watu."

"Na ujirani wenu umekumbukwa kura zikikaribia."

"Emil, wewe hata kivuli chako unakidai kitambulisho," Clifford akasema, akaingia garini.

Majira yote ya baridi Emil alimchunguza yule mama. Mama hakujua toleo hili lilitangulia lipi. Alikula donati za sukari na kufuta vidole kwenye sketi. Mara nyingine alitazama picha moja kwa muda mrefu, akatabasamu peke yake, na tabasamu hilo lilimwasha Emil kuliko upupu. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, tena hiki kimekuja na sketi yake.

Si kwamba Emil alikuwa mtu wa roho mbaya. Alikuwa na donda. Katika toleo moja Varney alimuua Binti Cheche, msaidizi mdogo wa Tetemeko. Picha ya mwisho inamwonyesha amelala mikononi mwa shujaa wake, amekufa, lakini mashavu yake ni ya waridi, kama mtoto aliyeingia ndani sasa hivi kutoka kucheza. Wapenzi wa Varney walisema hilo ni fumbo la mtu mwenye kipaji. Emil alisema ni uongo wa mtu katili, kwa sababu toleo hilo alilisoma na mdogo wake Miki, kitandani hospitalini, na Miki aliweka kidole kwenye mashavu yale akasema, "Mzima huyu, Emil. Atarudi mwezi ujao." Emil akawa anamnunulia kila toleo jipya. Binti Cheche hakurudi. Miki alikufa akimngoja.

Kama sura ya Varney ingepandishwa ukutani, Emil angelazimika kukaa chini yake kila Jumamosi. Asingeweza. Angeiacha meza ile, na mahali pengine pa kwenda hakuwa napo.

Siku ya kura alikuja na toleo la Miki ndani ya plastiki yake. Hakuwahi kulileta pale.

"Kabla mgeni wetu hajanyoosha mkono," alisema, "nina swali." Akaliweka mbele ya Concetta, jalada la nyuma juu, pale ilipochapwa ile picha ya mwisho. "Tuambie, Bi Ruggiero. Haya mashavu. Varney alikusudia nini?"

Mtego ulikuwa mzuri. Akimsifu, ni kasuku wa Clifford. Akibabaika, hafai kupiga kura.

Concetta akavaa miwani, akainama, akacheka mpaka akashika meza.

"Huyo Varney mnayemtaja kila Jumamosi, ndiye nani hasa?"

"Mmesikia!" Emil aliruka. Clifford akajifunika uso kwa mikono.

"Huyo bwana simjui," alisema Concetta. "Haya mashavu nimepaka mimi."

Clifford akaishusha mikono usoni.

"Kiwandani, pale mtoni. Chumba kizima wanawake watupu, tunapaka rangi karatasi za kuchapia vitabu hivi huku tunawasengenya waume zetu. Wenye vitabu kule New York walituandikia kila mahali rangi yake. Usoni kwa huyu waliandika kijivu."

"Kwa hiyo si fumbo?" Clifford aliuliza kwa sauti ndogo.

"Fumbo gani, Clifford? Binti yangu alikuwa nyumbani na homa, rika moja na huyu. Wananiambia nimpake mtoto rangi ya maiti. Mkono ulikataa. Msimamizi alinifokea, lakini karatasi zilishakwenda." Akawatazama mmoja mmoja. "Ina maana watu wazima wote hawa mnagombania mashavu yangu?"

Hasira ikampanda Emil mpaka masikioni. Miaka yote ile alikuwa akimlaani mtu mwingine.

"Mdogo wangu aliyaamini," alisema. "Alikufa akimngoja huyu mtoto arudi."

Kicheko kikamtoka Concetta usoni. "Aliitwa nani?"

"Miki."

"Alipoyaona mashavu, alifurahi?"

Emil alifungua kinywa atoe neno lile alilolitunza, uongo. Badala yake akamwona Miki akisikia mfuko wa karatasi ukichakarika mlangoni, akijivuta kukaa, yeye ambaye siku hizo hakuwa akikaa kwa ajili ya daktari wala kwa ajili ya mama yao.

"Alifurahi," alisema. "Kila mwezi. Mpaka mwisho alikuwa anafurahi." Akalia pale pale, mbele ya Clifford na donati.

Hakuna aliyeitisha kura. Darnell aliisukuma droo yenye picha ya Varney kwa goti ikajifunga. Clifford, ambaye naye alikuwa amepoteza bingwa wake asubuhi ile, alimmiminia Emil kahawa na kumtilia sukari kama anavyopenda.

Emil akafuta uso. Akachukua kisu cha Darnell cha kufungulia maboksi, akakata gundi ya plastiki, akalitoa toleo la Miki na kumsogezea Concetta.

"Tuanze mwanzo, mama," alisema. "Unionyeshe picha ulizopaka wewe."

Concetta akalamba kidole, akafunua. Emil aliyaona mate yakikauka kwenye ncha ya karatasi, akavuta kiti karibu.