Bamba Lililomeza Mtetemo

Jana nilipolala niliota nimesimama mlangoni mwa bamba langu la kuandikia.

Bamba hilo ni kipande cha tangi bovu la maji: nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Binti yangu Atupele alinikatia ili niegemeze daftari katika darasa la watu wazima. Mkono wangu hutetemeka, kwa kuwa kutwa nzima nashika mashine ya kusaga mahindi. Kesho yake nilitakiwa kutia sahihi fomu ya Atupele ya kujiunga na sekondari, nami nilikuwa nimeapa kwamba kidole gumba changu hakitapakwa wino tena.

Nikaingia. Ndani ni ofisi. Nyuzi zimelala kwa safu, na nyuma ya meza ameketi Gundi, mnene, hana haraka. Mbele yangu kwenye foleni limesimama bati la paa, linalia ngaa, ngaa.

"Wewe huna pa kuuweka mtetemo," Gundi analiambia. "Ukiguswa kidogo, unatangazia mtaa mzima."

"Ndivyo nilivyolelewa," bati linajibu, linaondoka.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Mtetemo wa mkono, baba. Wa miaka kumi na mmoja."

"Uweke mezani."

Nauweka. Unarukaruka kama panzi. Uzi mmoja anainua kichwa.

"Mama, kazi yetu sisi ni kubeba. Kumeza ni kazi yake Gundi. Ukilala sambamba nasi, utapita moja kwa moja hadi upande wa pili, na mtetemo wako. Lala mshazari."

Ofisi sasa ni kitanda changu. Nalala mshazari. Gundi anatafuna polepole, mpaka kimya.

"Mtetemo umekwenda wapi?" nauliza.

"Haukwenda popote. Umekuwa joto. Ukiamka, nipapase."

"Mama!" Atupele aliniamsha. "Mbona umelala mshazari? Umenibana ukutani!"

Kulikuwa na baridi ya Tukuyu. Kalamu ilikuwa baridi, meza baridi. Nikavuta fomu juu ya bamba, nikaandika: Tupokigwe. Herufi tisa, zote zikakaa juu ya mstari.

Atupele akalisoma jina herufi kwa herufi.

"Mama, nani amekuandikia?"

"Shika bamba," nikamwambia.

Akalishika. Akaondoa mkono haraka, akaupuliza.